Moto una saa yake: niliyoongea na wahudumu wa afya ya jamii, Njombe

(Wengi mliniomba maandishi. Nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni, kuna mahali nilirukaruka, mnisamehe.)

Kamwene wote. Wazee wangu shikamooni, akina mama poleni na baridi, na nyie mliotoka vijijini alfajiri na huu ukungu asanteni kwa kufika. Mratibu kanipa nusu saa alafu kuna chai, na nikizidisha hapo najua mtaanza kuangalia zile chupa badala ya kuniangalia mimi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mwisho wa korido kulia kuna chumba tunacholaza waliounguwa, ukipita nje utakijua kwa harufu kabla hujakiona, na saa nne asubuhi wakati wa kubadilisha vidonda utakijua kwa sauti. Miaka yote mtu akiniuliza kwani hawa wamefikaje hapa nilikua najibu kama mnavyojibu nyie, ajali tu ndugu yangu, si unajua ajali haina kinga. Leo nimekuja kukiri kwamba nilikua naongea uongo na aliyeniumbua ni daftari.

Daftari la wodi mnalijua, lile kubwa. Jina, umri, jinsia, anakotoka, tatizo, katokaje, yani karuhusiwa, kahamishwa au kafariki. Kwenye tatizo tunaandika neno moja, kaungua, na kama siku hiyo aliyepo zamu hana haraka anaongeza asilimia pembeni. Basi. Kaungua na nini? Wapi? Saa ngapi? Alikua na nani? Hakuna. Sa ukilisoma daftari la hivo mwaka mzima ni kweli utaona ajali tupu, maana umejiandikia mwenyewe neno ajali alafu unashangaa kulikuta.

Kuna siku nikaingia stationari nikanunua kauntabuku, hela yangu, nikaipiga mistari. Umri. Saa aliyoungua, sio saa aliyofika, hizo ni saa mbili tofauti na nitarudi hapo. Mahali, jikoni, uani, shambani. Kilichomuunguza. Nani alikuwepo. Alipakwa nini. Alifika baada ya muda gani. Wenzangu walinicheka, wakaniita mtakwimu, haya nikakubali jina.

Mwezi wa kwanza haukuniambia kitu. Ulipofika mwezi wa saba ndo nikaanza kuona kitu kama ratiba. Yani moto una ratiba jamani, una saa zake na una umri wake na una mahali pake, unakuja palepale kama basi la Makambako.

Ngoja niwape mmoja, jina nisimtaje wala kijiji. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, wa kiume. Mwezi wa saba, mnajua baridi yetu ya mwezi wa saba, asubuhi nyasi nyeupe kwa barafu. Mama kachemsha maji ya kumuogesha, sufuria kubwa juu ya mafiga, yamechemka kayamimina yote kwenye beseni, beseni liko chini hapo mlangoni mwa jiko, kageuka kwenda kuchota ya baridi kwenye pipa nje. Hatua ngapi toka jikoni hadi pipa? Nilimuuliza, akahesabu kwa macho, akasema saba au nane. Mtoto kishavuliwa nguo, anajua beseni ni la kuogea, anapenda maji, kafanya anachofanya kila siku, karudi kinyumenyume akaketi. Makalio, mapaja yote mawili kwa nyuma, na viganja kwa sababu alipotaka kuinuka alishika humohumo ndani. Mama anasema alisikia ukimya kwanza, alafu ndo kilio.

Huyo mama sio mzembe. Aliacha kila kitu akakaa na mwanae wodini wiki sita. Kitu kimoja tu kilikua kimekosewa na wote humu tunakikosea, yani mpangilio. Tunatangulia maji ya moto, alafu tunafuata ya baridi. Ukitanguliza ya baridi, ukaongeza ya moto kidogokidogo, hakuna sekunde hata moja ambayo beseni lina maji ya kumuua mtoto. Ni maji yaleyale, beseni lilelile, kuni zilezile, gharama yake sifuri. Nilipopekua kauntabuku nikahesabu wa beseni na ndoo ya kuogea, nikasema mbona hawa wote wana hadithi moja.

Na msifikiri mpaka maji yawe yanatokota. Maji ya nyuzi 60, ambayo ukiyaangalia hayana hata mapovu, yanaunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5 hivi. Ya nyuzi 70 ni kama sekunde moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, kwa hiyo yeye hata hizo sekunde hana. Sisi wa milimani tuna raha ya kusema maji yetu yanachemka mapema, ni kweli, huku juu yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94 sio 100, lakini kwa mtoto hiyo ni tofauti ya kwenye kitabu tu.

Sasa ratiba yenyewe. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Ndo saa zangu mbaya, zamu ya jioni tunajua. Fikirieni nini kinatokea nyumbani kwenu muda huo. Moto umewashwa, uji au maharage yako jikoni, maji ya kuoga yanasubiri, baridi imeanza kwa hiyo watoto wote wamejaa jikoni kuota moto, giza linaingia, mama kashika mtoto mgongoni na mwingine anamvuta kitenge, baba hajarudi au karudi ana njaa. Vitu vyote vya moto na watoto wote wadogo mko kwenye chumba kimoja chenye mlango mmoja kwa masaa mawili. Alafu mtu akiungua tunasema bahati mbaya.

Na umri. Wengi wangu ni kuanzia mwaka mmoja hadi minne. Wa miezi mitano ni wachache, hawezi kutembea. Wa miaka minane ni wachache kidogo, kishaungua kidole kashika adabu. Ni yule katikati, miguu imefika ila akili haijafika. Na kinachowaunguza kwa sehemu kubwa sio moto, ni vimiminika, maji, chai, uji, maharage. Hii sio Njombe peke yake msijione mna mkosi. Madaktari wa Bugando kule Mwanza walishaandika kuhusu watoto waliounguwa wanaolazwa kwao na picha ni hiihii, wadogo kabisa ndo wengi, vimiminika vya moto ndo chanzo kikubwa, nyumbani ndo mahali, na wengi wanafika wamechelewa. Sukuma na Bena hawapiki chakula kimoja lakini wanaunguza watoto kwa njia moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 180,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na karibu theluthi mbili ni Afrika na Asia ya kusini mashariki. Namba ikiwa kubwa hivo haimuumizi mtu, kwa hiyo nilichukua simu nikaigawa kwa siku 365, inakuja 493. Wakati nasoma mambo haya nilikutana na moto mmoja maarufu sana kwa madaktari, klabu ya usiku inaitwa Cocoanut Grove, mji wa Boston Marekani, tarehe 28 Novemba 1942, walikufa watu 492. Dunia ilisimama. Sheria za majengo zikabadilishwa, madaktari wakajifunza upya jinsi ya kutibu waliounguwa, mpaka leo tunasoma. 492. Duniani kwa hesabu ile tuna Boston moja kila siku, leo, kesho, Jumapili, Idi, Krismasi, na hamna anayesimama kwa sababu wanakufa mmojammoja kwenye nyumba tofauti.

Nyie mnakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Lori la mafuta limepinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka, wakafa zaidi ya 100 ukijumlisha waliofia hospitali siku zilizofuata. Sitasahau ile wiki, kila redio. Na Idodi hapo Iringa 2009, bweni la wasichana, 12. Haya yote yanastahili kulia. Ila nikiwauliza nyie wahudumu watu wa mtaani wanaogopa nini kuhusu moto mtasema lori, mtasema bweni, mtasema mtungi wa gesi umelipuka. Hakuna anayesema beseni. Hakuna anayesema chupa ya chai na kitambaa cha meza kinachoning'inia. Chumba changu kinajazwa na beseni.

Nigeukie watu wazima maana akina baba naona mmeanza kuangalia simu.

Watu wazima ratiba yao ni nyingine. Kuna wa msimu, wale wa kuchoma mashamba mwezi wa tisa na wa kumi, upepo unageuka, moto unaingia kwenye miti ya mbao ya mtu, mwenye shamba anakimbia kuuzima na matawi mwenyewe. Kuna wa msimu wa ulanzi, mzee kanywa vizuri, baridi kali, kasogeza kigoda karibu na moto, kasinzia. Hawa wa ulanzi wanachekwa sana wakiletwa na mimi siwacheki, wengi wao ni miguu na moto wa kuni unaingia ndani sana kwa sababu mtu hashtuki, tumewakata vidole. Kuna wa umeme, vijana, nguzo, paa la bati, mnajua wenyewe. Wa umeme wanadanganya macho, unaona kidonda kidogo kwenye kiganja kama shilingi alafu ndani nyama ya mkono mzima imekufa, na moyo unaweza ukaleta shida baadae. Kuna wa petroli, kuwashia mkaa au kuiweka kwenye jiko la mafuta ya taa, yani mtu anaona mafuta ni mafuta.

Gesi nitaigusa tu. Serikali imeweka lengo ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, na mimi naunga mkono kabisa, moshi umeua mapafu ya mama zetu. Ila gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni kama maji, haipandi juu, kwa hiyo kufungua kadirisha ka juu haisaidii sana, fungua mlango, na usiwashe wala kuzima taa. Jiko la mafiga tumelijua kwa miaka elfu, hili tumelijua juzi. Nimepita.

Ninapotaka kukaa kidogo ni kwenye kifafa.

Kwenye kauntabuku yangu niliweka ile safu ya nani alikuwepo, nikiwa nafikiria watoto. Kumbe imenijibu swali lingine kabisa. Kuna dada mmoja, ishirini na kitu, aliletwa ameungua mkono wa kulia hadi begani, shingo na shavu. Alikua anasonga ugali, kifafa kikamkamata, kaangukia mafiga. Safu ya nani alikuwepo nimeandika watu wanne. Wanne! Mama mkwe, mawifi wawili na jirani. Nikauliza kwa upole, sasa mama mlipomuona yuko kwenye moto ilikuaje. Wakaangaliana. Jirani ndo akasema, tulisubiri povu likauke.

Mmenyamaza, kwa hiyo mnajua ninachoongea. Watu wanaamini ukimgusa wakati anatoa povu au mate, kifafa kinakurukia. Hii imani ni ya zamani na sio ya hapa tu. Kule Mahenge, wilaya ya Ulanga, kuna kifafa kingi sana, na daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kule mwanzoni mwa miaka ya 60, akaandika mambo haya haya, wagonjwa wametengwa, wanaogopwa, wana makovu ya moto mwilini. Miaka zaidi ya 60 imepita na mimi naandika mambo yaleyale kwenye kauntabuku.

Kifafa hakiambukizi kwa mate wala povu wala ushuzi, nasema hilo neno makusudi maana najua ndo linasemwa. Na huyu dada alikua na dawa, zilimuishia wiki mbili nyuma, zahanati dawa hazikuwepo, hakuendelea kutafuta. Sa niambieni hapo kilichomuunguza ni moto? Mimi ningeandika kilichomuunguza ni vidonge kuisha. Daftari la wodi limeandika kaungua.

Kwa hiyo wahudumu, kwenye orodha zenu za kaya kila mnapomjua mtu ana kifafa, hiyo nyumba ni nyumba ya moto. Ulizeni dawa zimebaki ngapi. Ulizeni anapika peke yake? Kama inawezekana asipike kwenye mafiga ya chini, au asikae kigoda cha kuelekea moto peke yake, sio kwa kumfukuza jikoni kama mkosi, hapana, wengine wanageuza ushauri kuwa fimbo.

Sasa niwaambie kasoro ya kauntabuku yangu kabla mtu mwenye akili hajanyoosha mkono.

Mimi naandika waliofika. Aliyeungua kidole akatia kwenye maji akaendelea kupika simuoni. Aliyeungua mwili mzima akafa usiku huohuo nyumbani, akazikwa kesho yake, simuoni. Kwa hiyo ukichukua namba za wodi ukasema hivi ndivyo Njombe inavyoungua utakosea pande zote mbili, wepesi hawapo na wazito kabisa hawapo. Alafu kuna jambo lilinishtua. Kuna kata mbili za mbali ambazo kwenye daftari langu hazipo, sifuri, miezi na miezi. Mtu mmoja ofisini akasema hongera zao. Hongera ya nini? Nauli ya kutoka kule na mgonjwa kwenye bodaboda mnaijua. Hawajaacha kuungua, wameacha kuja. Kwenye namba za hospitali sifuri iogopeni kuliko mia.

Na hapo ndo narudi kwenye zile saa mbili, saa ya kuungua na saa ya kufika.

Mtu akiungua eneo kubwa, maji ya mwilini yanatoka kwenye mishipa yanakwenda kwenye nyama, ndo maana anavimba. Anakauka kwa ndani akiwa amevimba kwa nje. Kwa mtoto ikifika kama asilimia 10 ya mwili anahitaji dripu, mtu mzima kama 15 hadi 20. Kupima asilimia msiogope, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1. Chake yeye, sio chako. Na mtoto ana kichwa kikubwa, kwa mtu mzima kichwa na shingo ni asilimia 9, kwa mtoto wa mwaka mmoja ni kama 18, ndo maana akijimwagia chai usoni na kifuani unaona kasehemu kadogo kumbe ni karibu sehemu ya tano ya mwili. Madaktari wa mji uleule wa Boston, Lund na Browder, walichapisha mchoro wa kuhesabu hivyo 1944, upo ukutani wodini kwetu mpaka leo, umefubaa.

Chukua mtoto wa kilo 12 kaungua asilimia 20. Hesabu yetu ni mililita 4 mara kilo mara asilimia, inakuja 960 kwa masaa 24. Nusu yake, 480, inatakiwa iingie ndani ya masaa 8 ya kwanza. Masaa 8 toka lini? Toka alipoungua! Sio toka alipopanda kitanda changu. Akiletwa papo hapo nampa 60 kwa saa, taratibu, mwili unapokea. Akiletwa masaa sita yameshapita nina masaa mawili, 480 hiyohiyo, ni 240 kwa saa, na nikimkimbizia maji hovyo namzamisha mapafu, nikimpa taratibu figo zinazima. Na hapo sijaweka maji ya kawaida anayohitaji mtoto yeyote. Akiletwa siku ya tatu hesabu yote haina kazi, hapo tunapambana na usaha.

Usaha ndo unaua baada ya siku mbili za mwanzo. Tuna mdudu mmoja anaitwa sudomona, anatoa usaha wa kijani wenye harufu tamutamu ya ajabu, muuguzi akifungua bandeji akainusa anajua kabla ya maabara. Kwenye hospitali nyingi za nchi kama yetu mtu akivuka asilimia 40 tunaanza kuongea na ndugu kwa sauti ya chini, wakati nchi tajiri mtu huyohuyo anategemewa kurudi nyumbani.

Na hawa wanaochelewa hawakukaa bure, hilo nilijifunza kwenye safu ya alipakwa nini. Walikua wanatibu. Yai, dawa ya meno, unga wa ngano, majivu, mafuta ya kula, mavi ya ng'ombe, na bingwa wetu wa kanda, manyoya ya sungura. Mzee pale anatikisa kichwa, najua mzee wangu, shikamoo tena. Naelewa kwanini. Manyoya yanashika kidonda, yanakifunika, maumivu yanapungua kwa sababu hewa haigusi. Ila yanafungia uchafu chini yake, mimi nayatoa moja moja kwa kibano siku ya nne mtoto analia, na wengine hawajawahi kuchanjwa pepopunda.

Kinachotakiwa ni maji. Maji baridi ya kawaida, ya bomba au ya kata na ndoo, yanatiririka juu ya palipoungua dakika 20. Sio barafu. Dakika 20 ni nyingi kuliko mnavyofikiri, ukisimama unamwagia utaona umemaliza kumbe ni tatu. Hata kama limepita lisaa au mawili bado yana faida, mpaka kama masaa matatu. Mtoto mdogo mwili wote ufunikwe isipokua palipoungua, na baridi yetu hii atatetemeka mkamuue kwa upande mwingine. Malengelenge msipasue. Funika na kitambaa safi, kanga iliyofuliwa inatosha, mlete.

La mwisho nilitaka kuwaambia habari ya daktari mmoja wa Sri Lanka, maana alinifurahisha. Anaitwa Wijaya Godakumbura, daktari wa upasuaji. Aliona wodi yake inajaa watu waliounguzwa na vibatari vya kujitengenezea, chupa ndefu nyepesi, ikiguswa inaanguka inabingirika inamwaga mafuta ya taa inawaka. Badala ya kuendelea kushona tu, 1992 akaanza kutengeneza taa, kachupa kafupi kanene, kazito, pande zake mbili bapa kwa hiyo kakianguka hakabingiriki, na kifuniko cha chuma cha kuzungusha hakamwagi. Basi. Taa ya bei ya kutupa. Akazisambaza kwa maelfu na maelfu, mwaka 1998 akapewa tuzo ya Rolex. Mimi sina kiwanda cha chupa, ila beseni ninalo, na nyie mnaingia nyumba ambazo mimi siingii.

Kwa hiyo kila mmoja kwenye bahasha amewekewa karatasi ina ile mistari yangu. Mtu akiungua kijijini kwako, hata asipokuja hospitali, hasa asipokuja hospitali, jaza. Saa. Mahali. Nini. Nani. Kapakwa nini. Mwisho wa mwezi nitumieni picha kwa simu.

Maswali nilipewa dakika tano. La kwanza lilikua la posho, nikamwachia mratibu. La pili mzee wa sungura akauliza kama manyoya yakichemshwa kwanza inakuaje, watu wakacheka, nikamwambia mzee wangu ukishapata maji ya kuchemshia sungura una maji ya kumwagia mtoto.

La tatu ni mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa, hakunyoosha mkono, alinifuata wakati watu wanaenda kwenye chai. Akasema ana mjukuu wa miaka mitano, mkono wa kushoto umejikunja hapa kwenye kiwiko, ngozi imeshika kama utando wa bata, haunyooki, shuleni watoto wanamwita jina baya. Akauliza kama bado anasaidika au ndo basi. Nikamwambia anasaidika, tunakata lile kovu, tunapandikiza ngozi, alafu kuna kazi ndefu ya mazoezi, amlete Jumanne asubuhi aniulizie mimi.

Nikamuuliza aliungua lini. Mwaka juzi, akasema. Mimi mwaka juzi kauntabuku nilikua nayo tayari, nikamuuliza jina, nikakumbuka kurasa, hakuwepo. Akasema hawakumleta, walimtibu nyumbani. Anatoka kwenye moja ya zile kata mbili. Nikachukua karatasi toka kwenye bahasha yake, nikaandika umri aliokuwa nao, nikaandika uji, nikamuuliza ilikua saa ngapi. Akafikiria.

"Jioni baba," akasema. "Kama saa moja hivi. Tulikua tunasubiri maji ya kuoga."